Nukta Nne Nyuma ya Kompyuta

Kwa miezi kumi na mmoja na siku kadhaa Mwalimu Srikantaiah hakutazama nyuma ya kompyuta. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake lote, na lingeweza kusemwa kwa sentensi hiyo moja likaisha, kama asingekuwa mtu aliyefundisha mantiki katika chuo kimoja cha Mysuru kwa miaka thelathini na mmoja. Mbele yake aliitazama kila siku. Aliitazama ubavuni, penye kioo kilichoonyesha taa nyekundu zikizunguka pamoja na feni. Mara moja alipanda hata juu ya kiti akaitazama kwa juu, ili aipige picha na kuituma kwa binamu yake wa Hubballi. Nyuma hakutazama.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Sumedha, binti yake wa pekee, mwenye miaka ishirini na sita. Sumedha alisomea usanifu wa majengo, na kazi yake ilikuwa kuchora nyumba ambazo hazijajengwa, kisha kuzifanya zitembeleke: mteja akae kitini, aone mlango ukifunguka, aingie sebuleni, apande ngazi, achungulie bustani kutoka dirishani, ilhali katika kiwanja chenyewe hakuna ila nguzo nne na mbuzi. Ofisi iliyompa kazi hizo ilikuwa Bengaluru. Mkuu wake, Bwana Devaiah, alikuwa na vijana watatu waliomfanyia kazi wakiwa makwao, na alikuwa amewaambia kwamba baada ya sikukuu ya Dasara ya mwaka unaofuata angemwajiri mmoja wao. Sumedha aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Kwa kuwa hakuwa msemaji, alilisema jambo hilo mara moja tu, akiwa anamenya vitunguu.

"Appa, kichwani mwangu nyumba huwa iko tayari. Mashine ndiyo inanichelewesha. Nikiizungusha picha inakwama, kama mzee anayetafuta miwani."

"Mimi natafuta miwani kila siku, wala sikwami," alisema Srikantaiah.

"Wewe huitafuti, Appa. Unaniuliza mimi."

Mwalimu aliuliza dawa ya ukwamaji huo, akaambiwa ni kadi mpya ya picha. Sumedha alimweleza kwa subira. Kompyuta ilikuwa na kijisehemu chake kidogo cha kuchora, kilichozaliwa pamoja nayo, kinachotosha kusoma barua na kutazama harusi za watu. Kadi mpya ni kipande kikubwa chenye feni zake, hupachikwa ndani ya kasha, na kazi yote nzito ya kuchora huhamia kwake. Srikantaiah alielewa, au alitikisa kichwa kama watu wa kwetu wanavyotikisa wanapoelewa, jambo ambalo si lazima liwe lile lile.

Fedha alikuwa nayo. Alikuwa ameiweka kwa safari ya Kashi, mji mtakatifu, akaoge katika mto Ganga pamoja na mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Ajji, yaani bibi. Ajji alikuwa na miaka themanini na minne, na ndiye aliyeiendesha nyumba hiyo tangu mke wa Srikantaiah alipofariki. Alipoulizwa, alimwachilia mwanawe kwa maneno machache.

"Ganga ipo tu, Kanta. Mnunulie mtoto."

Hapo lazima tumtendee haki Mwalimu. Mtu aliyeuacha mto Ganga kwa ajili ya kipande cha chuma na plastiki huwa tayari kuona mengi katika kipande hicho.

Alikwenda kununua peke yake, siku moja kabla ya Ayudha Puja, siku ya Dasara ya kuviheshimu vyombo vya kazi, akiwa amelipakata kasha la kompyuta ndani ya bajaji kama mgonjwa. Duka lilikuwa la Basavaraju, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, akaanguka mtihani wa mantiki mara mbili, kisha akaifuata riziki kwingine na kuipata. Basavaraju aliipachika kadi kwa robo saa.

"Imekaa, Mwalimu," alisema akikaza skrubu ya mwisho. "Sasa, huku nyuma kuna hivi vifuniko vinne vya mpira. Ukifika nyumbani..."

"Basavaraju, mtihani wa pili ulipata ngapi?"

"Kumi na nane, Mwalimu. Huku nyuma..."

"Kumi na tisa. Moja nilikuongezea kwa mwandiko."

"Nashukuru, Mwalimu. Ila hivi vifuniko..."

"Taa zake zitawaka?"

"Taa zitawaka tu, hata kama..."

"Basi yatosha. Kijitabu chake nimekisoma mwenyewe."

Na kweli alikuwa amekisoma, hasa ukurasa unaoonya kwamba kadi isitumbukizwe majini. Basavaraju alimtazama mwalimu wake wa zamani kwa muda, akahesabu miaka aliyokwisha kuishi bila kukatizwa naye, akamfungulia mlango.

Kesho yake, kama ilivyo katika kila nyumba ya mtaa wetu, vyombo vya kazi vilifutwa vumbi, vikapangwa mbele ya miungu na kuachwa vipumzike: kisu cha jikoni, cherehani ya Ajji, baiskeli, kalamu tatu za Mwalimu, na katikati, juu ya kigoda kilichotandikwa hariri, kasha la kompyuta. Ajji alikoroga msandali, akachovya kidole, akaanza kupaka nukta za njano na juu yake nukta nyekundu za kumkum, unga wa ibada. Mkono wake ulitetemeka hewani, lakini ukigusa kitu ulituama. Mbele ya kasha palikuwa pameshajaa shada la maua, kwa hiyo akaligeuza. Huko nyuma akakuta safu ya vifuniko vinne vidogo vyeusi, vimekaa kama watoto wanaosubiri kunyolewa. Akavipaka vyote vinne, kimoja kimoja, akaridhika.

Asubuhi iliyofuata, siku ya Vijayadashami, siku ya kuanza kila jambo jema, Srikantaiah alilibeba kasha hadi mezani kwa Sumedha na kuanza kuunganisha waya. Ulipofika waya wa skrini akasita. Matundu ya kadi yalikuwa chini ya vile vifuniko vinne, na kila kifuniko kilikuwa na nukta ya mama yake, mbichi, ing'aayo. Mama yake mwenyewe alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, mikono kifuani, akisubiri kuona. Srikantaiah alipenda kuwaambia watu kwamba yeye si mtu wa imani za nukta; alimheshimu tu mama yake. Akatazama juu kidogo. Huko palikuwa na tundu jingine, wazi, lisilo na kifuniko wala nukta, na umbo lake ni lile lile. Akachomeka. Waya ukaingia. Akawasha. Taa nyekundu zikazunguka, na picha ikatokea kwenye skrini.

Picha imetokea, kwa hiyo kadi inafanya kazi.

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila Juni, Srikantaiah alikuwa akiandika ubaoni mbele ya wanafunzi wapya: mvua ikinyesha, barabara hulowa, barabara imelowa, je, mvua imenyesha? Darasa zima lilijibu ndiyo, naye alitabasamu kwa upole na kuwakumbusha gari la maji la manispaa, ambalo nalo hulowesha barabara. Asubuhi ile gari la maji lilipita katikati ya sebule yake, na hakulisikia.

"Unaona?" alimuuliza Sumedha.

"Naona imewaka, Appa."

"Hapana, tazama rangi."

Alifungua picha ya kilima cha Chamundi aliyoipiga mwenyewe mwaka juzi. Wakati huo huo akaingia Bwana Puttaswamy, jirani wa mlango wa pili, mstaafu wa benki, ambaye mwanawe wa Amerika alikuwa amemletea runinga kubwa kuliko ukuta uliokusudiwa. Puttaswamy hakupenda kupitwa na tofauti yoyote inayoonekana na wengine. Akainama mbele ya skrini, akavua miwani, akaivaa tena.

"Majani," alisema. "Mwalimu, majani yana mishipa."

"Nilikuwa nasubiri uone mwenyewe."

"Na yule ng'ombe pale chini. Jana angekuwa ng'ombe tu. Leo unaona kabisa ana mawazo."

Walikaa nusu saa wakimtazama ng'ombe. Ajji alileta kesari, halua ya semolina yenye zafarani na samli, akasema kwamba yeye kwa macho yake haoni ng'ombe wala kilima, ila anafurahi kuwa vipo. Sumedha alisubiri watoke, akaketi, akafungua nyumba aliyokuwa akiichora, akaizungusha. Ikakwama pale pale ilipokuwa ikikwama.

Novemba alimwambia baba yake. Alimwambia kwa adabu, huku akimmiminia kahawa, kwamba haoni mabadiliko. Srikantaiah aliweka kikombe chini.

"Bwana Puttaswamy ameona."

"Bwana Puttaswamy hachori nyumba, Appa."

"Ndiyo sababu ushahidi wake una uzito. Hana maslahi."

Sumedha akampigia simu Basavaraju. Basavaraju akamuuliza kama kadi inaonekana katika orodha ya vifaa vya kompyuta; ikawa inaonekana. Feni zinazunguka? Zinazunguka. Taa? Zinawaka. "Basi dada, kadi haina neno," alisema. "Labda programu yako. Au chungulia nyuma, waya wa skrini umekaa wapi." Sumedha akakata simu, akashika kasha alivute kutoka lilipobanwa, mgongo ukutani.

"Usiliguse hilo," alisema Srikantaiah kutoka mlangoni. "Waya nimeuchomeka mwenyewe, kwa mkono wangu. Halafu huko nyuma kuna kumkum ya Ajji. Ukilivuta utaifuta."

"Nitachungulia tu."

"Mwanangu, mashine tumeibadilisha. Kama matokeo ni yale yale, basi kilichobaki ni kile ambacho hatukukibadilisha. Ni nini hicho?"

Sumedha alimtazama. Aliufahamu mtindo huo wa maswali tangu utotoni, na alifahamu kwamba jibu lake huwa tayari limeshaandikwa. Jibu lilikuwa yeye.

Akaliacha kasha. Januari alijaribu tena, na tena akakuta nukta nne za Ajji zikilindwa na baba yake kama mpaka wa nchi.

Sasa Srikantaiah alikuwa baba mwenye mapenzi, na mapenzi yake yalikuwa na utaratibu. Aliona binti yake anachelewesha kazi, akaamua kumsaidia. Alianza kuketi karibu naye na saa ya mkononi, akiandika katika daftari mara ngapi ameinuka. Alimpunguzia kahawa. Alimfundisha kuvuta pumzi kwa tundu moja la pua. Alimweleza Ajji kwamba tatizo ni umakini, na Ajji, ambaye aliamini kwamba hakuna mtoto aliyewahi kudhurika kwa samli, akaanza kupika samli yenye majani ya brahmi, yale yanayosifiwa kwa kunoa akili, na kumlambisha mjukuu wake kijiko kizima kila alfajiri.

Bwana Devaiah alipiga simu Machi, akasema kwa upole kwamba kazi ni nzuri ila imefika baada ya mteja kuondoka. Akapiga tena Mei, na upole ulikuwa umepungua. Wenzake Sumedha wawili walikuwa wakipeleka nyumba mbili kwa wiki. Juni, Puttaswamy alitaja kwamba benki yake ya zamani ingetoa mtihani wa makarani, na kwamba mtu mpole, asiye na haraka, hufaa sana dirishani. Srikantaiah alileta fomu, akaijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri, akaacha tu mahali pa sahihi.

"Si kwamba nakukataza kuchora," alisema. "Utachora Jumapili."

Sumedha aliisoma fomu hadi mahali pa sahihi. Nje mwuza maziwa alikuwa akigombana na mtu kuhusu chupa.

"Labda ni kweli, Appa," alisema hatimaye. "Labda mashine ni nzuri na mimi ndiye mzito."

Srikantaiah alimshika kichwa kwa kiganja, kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo. Jioni alimwambia Puttaswamy, kwa furaha ya kweli, kwamba mtoto ameanza kufikiri sawasawa.

Dasara ikarudi. Bwana Devaiah alikuwa ametoa kazi ya mwisho ya kuwapima vijana wake: maktaba ya mji mdogo, kuanzia lango hadi kiti cha mwisho cha msomaji, ifike saa sita mchana siku ya Vijayadashami. Sumedha aliichora kwa wiki tatu. Maktaba ilikuwa imekwisha, taa ziko mahali pake, vitabu vimejipanga. Kilichobaki ni kompyuta kuigeuza yote kuwa picha inayotembea. Asubuhi ya Ayudha Puja, alipopiga hesabu ya mwendo wa mashine yake, akaona ingemaliza siku mbili baada ya Bwana Devaiah kufunga mlango. Aliandika barua ya kuomba radhi na kujitoa, akaiacha bila kuituma, akazima kompyuta kwa ajili ya ibada, akaenda jikoni kumsaidia Ajji. Kabla ya hapo aliichukua fomu ya benki, akaitia sahihi, akaiweka juu ya meza ya baba yake.

Srikantaiah aliiona sahihi, akaridhika, akaenda kulisafisha kasha. Kumkum ya mwaka jana lazima ifutwe kabla ya kupakwa ya mwaka huu. Ndivyo ilivyo kwetu, na ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo ruhusa ya kulivuta kasha hilo ilikuwapo. Alilivuta, akaligeuza, akalowesha kitambaa. Nukta ya kwanza ilikuwa imekauka na kugeuka kahawia. Alisugua. Kifuniko kikatoka pamoja nayo, kikabaki ndani ya kitambaa.

Chini yake palikuwa na tundu safi kabisa, meno yake ya rangi ya dhahabu yaking'aa kama ya bibi harusi. Hakuna waya uliowahi kuligusa. Akatoa kifuniko cha pili, cha tatu, cha nne. Yote yalikuwa mapya. Akatazama juu kidogo, akauona waya wa skrini, umekaa katika lile tundu la zamani alilolichomeka kwa mkono wake, la kile kijisehemu kidogo kilichozaliwa pamoja na mashine. Kwa mwaka mzima kijisehemu hicho ndicho kilichokuwa kikibeba nyumba za Sumedha mgongoni, na kadi iliyolipiwa kwa mto Ganga ilikuwa imekaa kando ikiwasha taa.

Alikaa sakafuni. Akafikiria majani yenye mishipa. Akamfikiria ng'ombe mwenye mawazo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mantiki, akauona mlango wa kutokea, tena ulikuwa wazi na hauna mtu. Angeweza kuhamisha waya kimya kimya. Kompyuta ingewaka na kwenda mbio, Ajji angesema ni baraka za sikukuu, Puttaswamy angesema alijua, na Sumedha angeamini kwamba umakini wake umepona kwa samli. Hakuna hata mmoja ambaye angeuliza. Kilikuwa kisa kisicho na dosari, isipokuwa kwamba ndani yake binti yake angebaki mtu aliyewahi kuwa mzito.

Akainuka, akaenda jikoni na vifuniko vinne kiganjani. Sumedha alikuwa akichambua majani ya mchuzi. Ajji alikuwa akiwasha jiko.

"Mwanangu," alisema, "kadi yako haijawahi kufanya kazi hata siku moja."

Sumedha hakuinua kichwa. "Nilikwambia Novemba, Appa."

"Uliniambia."

"Na Januari."

"Na Januari. Basavaraju naye alisema tuchungulie nyuma, nikakukataza. Waya niliuchomeka kwenye tundu la zamani. Haya matundu ya kadi yalikuwa yamefunikwa, sikuyafunua. Hukuwa mzito. Mimi ndiye niliyekosa kutazama."

Sumedha aliviangalia vile vifuniko. Akachukua kimoja, akakigeuza, akakirudisha kiganjani kwa baba yake taratibu, kana kwamba kingevunjika.

"Mwaka mzima," alisema. "Nimelamba brahmi mwaka mzima."

"Hiyo haikudhuru," alisema Ajji. "Nywele zimeota." Kisha akamgeukia mwanawe. "Kwa nini hukuvifunua?"

"Ulikuwa umevipaka kumkum, Amma."

"Enhe?"

"Nikaona si vizuri kuvitoa."

Ajji aliweka kiberiti chini. "Kanta, hiki kisu nakipaka kumkum kila mwaka. Kesho yake sikati vitunguu? Cherehani naipaka, sishoni? Mimi natia nukta ili kitu kifanye kazi. Nani alikwambia natia ili kilale?"

Srikantaiah alitazama kisu.

"Leo si siku ya kuwasha vyombo," alisema kwa unyonge.

"Leo ni siku ya kuviheshimu. Hicho kimelala mwaka mzima, kimepumzika kuliko sisi sote. Nenda kachomeke."

Waya aliuhamisha Sumedha mwenyewe. Baba yake alishika tochi tu. Alipowasha, akafungua maktaba, akaisukuma kwa kidole. Ilizunguka bila kukwama, kama mlango uliotiwa mafuta. Lango likapita, rafu zikapita, mwanga wa dirishani ukatambaa juu ya meza za wasomaji. Sumedha aliizungusha mara ya pili, na ya tatu, bila sababu ya kikazi. Kisha akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaanza kuigeuza kuwa picha inayotembea. Hesabu ya kompyuta ilisema siku nzima na asubuhi ya kesho. Ibada ikafanywa mashine ikiwa inanguruma, shada la maua likipepea mbele ya feni, na nukta ya mwaka huo Ajji akaitia ubavuni, juu ya bati, pasipo na tundu lolote.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, Bwana Puttaswamy alikuja na peremende za sikukuu. Akavutwa na skrini, ambapo maktaba ilikuwa ikimaliza safari yake. Akainama, akavua miwani, akaivaa.

"Nzuri," alisema. "Ila niseme kweli, Mwalimu. Mwaka jana ilikuwa kali zaidi."

Srikantaiah akala peremende.

Sumedha alituma kazi saa tano na nusu. Dakika ishirini baadaye simu ikalia, naye akaiweka mezani kwa spika, wote wasikie.

"Sumedha, nimeiona," ilisema sauti ya Bwana Devaiah. "Ni nzuri mno. Nakuuliza bila ubaya: umeifanya mwenyewe?"

"Nimeifanya mwenyewe, bwana."

"Maana mwaka mzima unaniletea picha zinazochechemea, zinachelewa, halafu leo ghafla hii. Wenzako nao watauliza."

"Mashine ilikuwa na hitilafu. Imerekebishwa jana."

"Kila mtu husema mashine," alisema Devaiah, bila ukali. "Mimi siwezi kumpa mtu nafasi kwa neno mashine."

Srikantaiah aliuona mgongo wa binti yake ukiinama, polepole, kama ulivyoinama ile siku ya fomu. Bwana Puttaswamy alikuwa amesimama pale pale na boksi la peremende, masikio yamesimama. Srikantaiah alilinyoosha shati lake, akasogea karibu na simu.

"Bwana Devaiah, naitwa Srikantaiah. Ni baba yake. Nilifundisha mantiki chuoni kwa miaka thelathini na mmoja."

"Naam, Mwalimu."

"Mwaka jana nilimnunulia kadi ya picha. Nikachomeka waya wa skrini katika tundu lisilo la kadi hiyo. Picha ilipotokea nikahitimisha kwamba kadi inafanya kazi. Alinieleza mara mbili kuwa haifanyi kazi, nikamkataza kutazama, nikamwambia kasoro ni yeye. Nikampima kwa saa. Nikamjazia fomu ya ukarani wa benki. Kazi zote alizokuletea mwaka huu alizifanya kwa mashine isiyo na kadi. Hii ni ya kwanza kufanywa na kadi yenyewe. Jina la kosa hilo nalijua, nimelisahihisha katika karatasi za watu zaidi ya elfu mbili."

Simuni ikasikika pumzi, ambayo mtu mwenye heshima anajitahidi isiwe kicheko.

"Zile nyumba zote," alisema Devaiah, "za mwaka mzima, amezifanya bila kadi?"

"Bila kadi."

"Mpe simu, Mwalimu."

Nyuma yao Bwana Puttaswamy alikohoa. "Mimi nilikuwa na wasiwasi tangu zamani," alisema. "Yule ng'ombe hakunikaa sawa."

Sumedha alipewa nafasi hiyo kwa miezi mitatu ya majaribio, kisha moja kwa moja, na mwezi wa pili baada ya Dasara alihamia Bengaluru na kompyuta yake. Fomu ya benki Ajji aliifungia karanga. Nukta ya kumkum sasa hutiwa ubavuni. Bwana Puttaswamy bado huona tofauti, na Mwalimu Srikantaiah humsikiliza, humpa kahawa, na hamwitikii. Safari ya Kashi haijafanyika. Na tangu siku hiyo, katika nyumba ile, mtu akisema kitu hakifanyi kazi, kinachotazamwa kwanza ni hicho kitu.